Karatasi za Dereva wa Lori Mpakani Busia

Lori litokalo Kisumu kwenda Uganda hupita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja na Bumala, nalo hufika Busia baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 110. Barabara ni ya lami, na dereva aliyeondoka alfajiri aweza kuuona mpaka kabla ya adhuhuri hata akiwa na shehena kamili. Lakini dereva mzoefu haihesabu safari hii kwa kilomita. Huihesabu kwa karatasi, kwa kuwa tarakimu moja iliyokosewa katika hati moja yaweza kumweka Busia siku nyingi kuliko tope la masika lilivyowaweka njiani madereva wa zamani.

Mpaka wenyewe haukuwa hapo ulipo tangu mwanzo. Reli ilipofika ziwani mwezi wa Desemba 1901, Kisumu, iliyoitwa wakati huo Port Florence, ilikuwa ndani ya Uganda; mwaka 1902 ndipo jimbo lote la mashariki lilipohamishiwa upande wa nchi ambayo sasa ni Kenya. Forodha za nchi hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1917, na mazao ya Nyanza yakawa yakivuka bila kutozwa ushuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilipovunjika mwaka 1977, kila serikali ilibaki na sheria zake na mihuri yake. Umoja wa forodha ulirudishwa tarehe 1 Januari 2005. Ushuru ulipungua, karatasi hazikupungua kwa kiasi hicho.

Chukua mfano wa dereva wa tangi apakiaye mafuta katika bohari ya Kisumu, ambako tawi moja la bomba litokalo Mombasa huishia. Mkobani mwake mna leseni yake ya udereva, kitambulisho au pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kitabu cha gari, leseni ya kuchukua bidhaa zipitazo kwenda nchi nyingine, na bima ya COMESA ambayo kila mtu barabarani huiita kadi ya njano. Hizo ni za mtu na gari. Kisha huja za mzigo: ankara, orodha ya shehena, na tamko la forodha lenye nambari ya lori, ya tela na ya kufuli iliyofungwa.

Sasa, msomaji atazame ni nani aliyeziandika hati hizi za mzigo. Dereva hakuandika hata moja. Ankara imetoka kwa mwuzaji. Tamko limepigwa chapa katika kompyuta na wakala wa forodha, ambaye huenda yuko Nairobi au Mombasa na hajaliona lori hilo kwa macho yake. Akiandika 3 mahali pa 8, kosa hilo husafiri kimya kimya mpaka Busia. Vivyo hivyo gari likiharibika Yala na shehena ikahamishiwa lori jingine, nambari zote hugeuka kuwa za uongo ingawa mzigo ni ule ule. Hapo wakala hana budi kuomba masahihisho, na afisa ayakubali. Na kama ni Jumamosi jioni na simu ya wakala haipokelewi, dereva hana la kufanya ila kutandika mkeka.

Si haki kuwalaumu maafisa wa forodha tu. Wapo wafanya biashara waliotamka kuwa mali inapita kwenda ng'ambo ya mpaka, kisha wakaishusha na kuiuza njiani bila kuilipia ushuru. Kwa ajili ya hao, tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda hufuata nyendo za shehena kwa kufuli za elektroniki. Mwizi mmoja huwaongezea kazi madereva mia walio waaminifu.

Yapo mambo yaliyotengenea. Zamani dereva alipanga foleni upande wa Kenya, akamaliza, kisha akavuka na kuanza upya upande wa Uganda. Tarehe 24 Februari 2018 marais wa nchi zote mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Lori liendalo Uganda hupita upande wa Kenya bila kusimama, na maafisa wa mataifa mawili hulikagua wakiwa mahali pamoja ng'ambo. Lakini mtandao wa kompyuta ukizimika, maafisa wote hao hukaa mikono mitupu, na foleni hurudi kuelekea Bumala.

Hasara ya kungoja humwangukia nani? Madereva wengi hupewa posho ya safari nzima, si ya kila siku. Siku ya tatu huanza kuila fedha iliyokusudiwa nyumbani. Tena hathubutu kulala mbali, maana wezi wa mafuta hawalali. Mwezi wa Januari 2022, Uganda ilipowataka madereva wapimwe upya ugonjwa wa COVID-19 kwa ada ya dola 30, ijapokuwa walikuwa na vyeti vya Kenya, waligoma. Foleni ya Malaba ikawa makumi ya kilomita, na petroli ikaadimika Uganda. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba dereva yupo.

Wakulima nao waliyaona mambo haya mwaka 2021. Tarehe 5 Machi Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu kuvu. Malori yaliyokuwa njiani yalikwama mpakani, mahindi yakiwa chini ya maturubai na mvua za masika zikikaribia. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti: mwagizaji aandikishwe, mahindi yawe na cheti cha mahali yalikotoka, na cheti kingine cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Vyeti hivyo hutafutwa na mwenye mahindi kabla ya kupakia. Dereva aliyepakia kwanza na kuahidiwa kwamba vitamfuata nyuma alivingojea Busia, na magunia yakaanza kupata joto.