Swali la Lizaboni lilivyofika Dar es Salaam

Msikilizaji, jioni moja ya Mei mwaka 2025, baridi ya Songea ikiwa imekwisha kuanza kuuma, nilimkuta jirani yangu hapa Lizaboni ameketi kibarazani, amejifunga kitenge mabegani, simu ameishikilia sikioni na wala haongei. Nikadhani amepata habari ya msiba, kwa maana ndivyo tunavyokaa tukipata habari za namna hiyo. Nikasogea taratibu nikamwuliza, "Mwalimu, kwema?" Akaniinulia mkono ninyamaze. Baada ya kitambo akashusha simu akasema, "Kwema kaka. Niko mkutanoni."

Jirani yangu huyu anafundisha darasa la pili. Hakuwa ameomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, wala hakuwa na nauli ya kutoka Songea kupita Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro mpaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 900. Lakini alilosema lilikuwa kweli. Mwenzake waliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye siku hizi ni mkufunzi, alikuwa ndani ya ukumbi wa Julius Nyerere, na kila wakati wa chai alikuwa akituma picha za mambo yaliyoonyeshwa ukutani, pamoja na maelezo ya sauti ya dakika mbili tatu, kwenye kundi la WhatsApp la wale waliomaliza chuo mwaka mmoja.

Wiki hii ningependa tulitazame jambo hilo, maana wengi wetu tukimwona mwalimu kashika simu tunasema ati anachezea muda wa serikali.

Mkutano wenyewe unaitwa eLearning Africa, nao unahusu matumizi ya kompyuta, simu na intaneti katika elimu. Huandaliwa na kampuni yenye makao yake Berlin, Ujerumani, ikishirikiana na serikali ya nchi mwenyeji. Ulianza Addis Ababa mwaka 2006, ukafika Nairobi mwaka 2007, Kampala 2014, na Kigali zaidi ya mara moja. Dar es Salaam ulikuja kwanza Mei 2011, kisha ukarudi Mei 7 hadi 9, 2025. Hukutana humo mawaziri, wahadhiri, wenye makampuni ya kompyuta, mashirika ya misaada, na walimu. Walimu nimewataja mwisho kwa makusudi. Hakuna aliyewafukuza, la hasha. Lakini ada ya kuingia, nauli na malazi ya Dar es Salaam si mambo ya mshahara wa mwalimu wa darasa la pili. Matokeo yake, mtu anayezungumzwa humo kutwa nzima ndiye ambaye kwa kawaida hayupo.

Je, asiyekuwapo anaingiaje? Njia ziko mbili, na zinatofautiana kama uwanja wa Majimaji unavyotofautiana na sebule ya mtu.

Njia ya uwanjani ni ile inayoitwa alama ya reli. Msikilizaji unaijua alama hiyo, ni ile # unayomalizia unapoangalia salio la simu. Agosti 2007 Mmarekani mmoja, Chris Messina, alipendekeza kwa watumiaji wa Twitter kwamba watu wanaozungumzia jambo moja waandike neno moja na kulitangulizia alama hiyo. Ukiligusa neno hilo, unaletewa yote yaliyoandikwa na kila mtu juu ya jambo hilo, uwe unamjua au humjui. Walimu wa Marekani waliiwahi mapema: tangu mwaka 2009 walikuwa na mazungumzo yao ya kila wiki yaliyoitwa #edchat, mwalimu wa kijijini na wa mjini wakijibizana saa moja bila kuonana. Na mikutano nayo ikaiga, kila mmoja ukawa na neno lake la alama ya reli ili walioko nje wafuatilie.

Ni uwanja mzuri, lakini kwetu una kasoro zake. Kwanza mazungumzo ya humo karibu yote ni ya Kiingereza. Pili, lango lake halina ufunguo mikononi mwetu. Twitter, ambayo tangu Julai 2023 inaitwa X, ilizuiwa hapa nchini Mei 2025, kabla hata mwezi ule wa mkutano haujaisha. Mwalimu aliyekuwa ameahidi moyoni kwamba atayasoma yale ya ukumbini akitulia, alipotulia alikuta pamefungwa.

Njia ya sebuleni ndiyo WhatsApp, nayo ndiyo ya walimu wetu. Humo huingii mpaka uongezwe na mwenye kundi au upewe kiungo cha kujiunga. Kundi moja lilikuwa haliwezi kuzidi watu 256. Mwaka 2022 kikomo kikapandishwa hadi 512, na kabla mwaka huo haujaisha kikafika 1,024. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, Machi hadi Juni 2020, walimu wengi ndipo walipozoea kuulizana kazi kwa njia hii.

Sebule ina raha yake. Mtu haoni aibu kukiri kwamba mada fulani inamshinda, kwa kuwa wanaomsikia ni wenzake. Tena anaongea Kiswahili, na kama hapendi kuandika anabonyeza na kusema. Ila sebule hailindi kumbukumbu. Leo mtu ametuma maelezo mazuri ya kufundisha kutoa kwa kukopa, kesho yamefukiwa chini ya salamu za asubuhi, michango ya harusi, tangazo la msiba na picha ya kiwanja kinachouzwa. Baada ya mwezi hakuna awezaye kuyapata. Na walio nje ya sebule, hata kama ni shule ya ng'ambo ya barabara, hawakusikia kitu.

Basi turudi kibarazani. Siku ya pili ya mkutano yule mkufunzi alituma picha ya programu moja ya kufundishia kusoma. Mtoto anagusa picha, simu inatamka silabi. Kundi likafurahi, vidole gumba vikamiminika. Jirani yangu akabonyeza akasema, nami nikiwa pale pale nasikia: "Dada, muulize huyo bwana. Darasa langu lina watoto tisini na wawili na simu ni moja, yangu mimi. Na bando likiisha, inaendelea au inanyamaza?"

Jibu lilikuja kesho yake mchana. Mkufunzi alisema alikwenda kwenye ile meza ya maonyesho akauliza swali kama lilivyo, na mwenye programu akaomba kwanza atajiwe tena ile idadi. Kisha akajibu, na nadhani kwa uungwana, kwamba ikishapakuliwa haihitaji intaneti, lakini ilitengenezwa kwa kufikiria mtoto mmoja na simu moja. Wenye meza za jirani wakasogea. Yakazuka mazungumzo ambayo hayakuwa kwenye ratiba.

Kwangu mimi hapo ndipo mkutano ulipokuwa mkutano. Mtu aliyesafiri kwa ndege kuja kuonyesha chombo cha kuwasaidia walimu wa Afrika aliulizwa na mwalimu wa Afrika aliyekuwa amekaa kibarazani Lizaboni.

Sasa sisi watu wa redio tuna kumbukumbu ndefu katika mambo haya, na naomba nijivune kidogo. Mwaka 1973, mimi sijazaliwa, Redio Tanzania ilirusha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika nchi nzima katika vikundi, kila wiki kwa wiki 12, wakasikiliza kipindi kifupi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana na kuamua watafanya nini, kama vile kuchimba vyoo. Na kuanzia mwaka 1976 hadi 1984, serikali ilipotaka kila mtoto aende shule na walimu hawatoshi, zaidi ya walimu 35,000 walifuzu kwa mafunzo ya posta, redio na kukutana ana kwa ana, huku wakifundisha vijijini. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Watani waliwaita walimu wa UPE, yaani Ualimu Pasipo Elimu, naye alikuwa akicheka pamoja nao, lakini hakuwahi kukosa kipindi. Aliniambia kwamba redio yenyewe ilimfundisha kiasi. Kilichomfundisha zaidi ni wenzake watatu waliobaki wamekaa baada ya redio kuzimwa, wakibishana. Swali waliloshindwa waliliandika barua. Majibu yakija, walikuwa wamekwisha kusahau swali.

Tofauti ya leo ni hiyo tu: swali la jioni linajibiwa kesho mchana. Kukaa na kubishana ni kule kule. Hata mpango wa serikali wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, umejengwa juu ya msingi huo, kwamba walimu wa shule wakutane wenyewe kwa wenyewe wajadili somo linalowatatiza.

Nani analipa, basi? Swali hili nililiuliza kwa ugumu, maana jirani yangu si mtu wa kulalamika. Anacho kishikwambi, vile vilivyotuhesabu katika Sensa ya mwaka 2022 na mwishoni mwa mwaka huo vikaanza kugawiwa kwa walimu. Kinafanya kazi. Bando ananunua mwenyewe. Wiki ya mkutano ule, kwa kupakua picha na sauti, alinunua mara mbili ya kawaida yake, na fedha hiyo, akaniambia kwa sauti ya chini, ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Hapo nilinyamaza. Tunapohubiri kwamba mwalimu ajiendeleze kwa mtandao, tukumbuke kwamba kujiendeleza huko kuna bei, na sasa hivi bei hiyo iko jikoni kwake. Kamati ya shule inayonunua chaki inaweza kununua na bando la shule, likakaa ofisini, walimu wakapakua pale na kugawana simu kwa simu bila gharama. Si jambo la kusubiri mfadhili.

Pengine mtaniambia kwamba makundi haya yana hatari. Yanazo. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba kwa shule zote za Halmashauri ya Chemba baada ya mtihani kuvuja, na tangu wakati huo wako walimu wakuu wanaoshtuka wakisikia tu neno kundi. Kuna na jambo la picha za watoto. Mwalimu anafurahia somo lake, anapiga picha darasa zima, anatuma; kumbe tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mzazi hakuulizwa. Jirani yangu hutuma picha ya ubao au ya madaftari, nyuso anaziacha. Na tusisahau kwamba simu yenyewe inaweza kunyamazishwa: siku za uchaguzi wa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchini, kundi lao lilikuwa kimya kwa siku kadhaa, na lile daftari alilonakilia maelezo ya wenzake kwa kalamu ndilo lililobaki likisema.

Ningeomba jambo moja kwa wale wanaopelekwa kwenye mikutano kwa fedha za umma au za mashirika. Kabla ya kuondoka, waulize walimu wanaobaki wana maswali gani, wayabebe kama mtu anavyobeba barua za watu. Na wakirudi walete majibu kwa Kiswahili. Huyu mkufunzi hakuagizwa na mtu kufanya alichofanya. Alifanya kwa sababu ya urafiki wa bweni.

Na ile programu? Haikutumika hapa. Lakini mabishano yaliyofuata kundini yalizaa kitu kingine. Mwalimu mmoja aliyeko Tunduru alieleza kwamba yeye hurekodi sauti yake mwenyewe akisoma hadithi, taratibu, akiacha nafasi ya watoto kurudia. Nusu ya darasa husikiliza kwa spika ndogo na kufuatisha kwenye vitabu, naye hukaa na nusu ya pili, mmoja mmoja amsomee. Hakuhitaji intaneti wala chombo cha Ulaya. Jirani yangu alirekodi Jumapili baada ya ibada, kuku wakilia nyuma ya sauti yake.

Jumatatu aliwagawa watoto, arobaini na sita huku na arobaini na sita kule, akabonyeza. Kwa robo saa mambo yalikwenda, na watoto kumi na mmoja walimsomea, idadi ambayo, alisema, zamani ilimchukua wiki. Kisha spika ikaishiwa betri katikati ya sentensi, na darasa zima likamalizia sentensi lenyewe kwa kelele. Mapumziko alipofungua simu akaandika yaliyompata. Kabla kengele haijagongwa walikuwa wamemjibu watu saba, na watano kati yao walikuwa wanabishana juu ya aina ya spika.