"Wherefore" sio "uko wapi" jamani!

Haya wadau, leo tuweke siasa na mpira pembeni, tuongee kimombo kidogo. Kuna kielezi kimoja cha Kiingereza ambacho siku hizi mtaani hukisikii kabisa, ila ukifungua tamthilia za Shakespeare unakikuta kinakusubiri. Kinaitwa wherefore. Na watu wanakisoma kichwa chini miguu juu, hata wazungu wenyewe!

Hapa Nakapanya, kwenye barabara ya kutoka Tunduru kwenda Masasi, madogo wa sekondari huwa wananifuata na maswali ya fasihi ya Kiingereza. Wakifika kwa Romeo na Juliet wanakuja na jibu moja: Juliet yuko dirishani usiku, anamtafuta Romeo, anauliza uko wapi mpenzi. Wameona "where" mwanzoni mwa neno wakajua ni "wapi". Hapo ndipo mtihani unapokula kwao.

Tuangalie kisa chenyewe. Romeo ni wa ukoo wa Montague, Juliet ni wa ukoo wa Capulet, na koo hizi mbili haziivi hata kidogo. Usiku huo Romeo kajificha bustanini chini na anasikia kila kitu. Juliet juu hana habari kwamba jamaa yupo, anaongea peke yake. Sasa aulize "uko wapi" ili ajibiwe na nani? Anachouliza ni kwa nini huyu aliyempenda awe Romeo, mtoto wa maadui zao. Na ukiendelea kusoma mistari inayofuata, yote inahusu majina na ukoo, hakuna habari ya mahali. Ukisema "wapi", mistari hiyo yote inakosa maana. Ukisema "kwa nini", kila kitu kinakaa sawa.

Sasa maana hiyo imetoka wapi? Kwenye maneno ya zamani yaliyounganishwa hivyo, "where" inabeba maana ya "nini", na "fore" hapo ni "for", yaani kwa ajili ya. Ukijumlisha unapata "kwa ajili ya nini". Halafu cheki ndugu yake, therefore, ambayo mnaijua wote: "kwa ajili ya hiyo". Moja inauliza, nyingine inajibu. Na sisi tunazo hizo hizo, zimejengwa kwa mtindo ule ule: kwa nini, kwa hiyo! Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili hana sababu ya kuliogopa neno hili. Tayari analo mdomoni.

Tena sisi tumewazidi. Tuna "kwa nini" na tuna "mbona". Ukimwambia mtu "kwa nini umechelewa", unataka sababu. Ukimwambia "mbona umechelewa", umeshangaa au unalalamika. Juliet hatafuti maelezo, analalamikia bahati yake mbaya. Mimi ningemtafsiria kwa "mbona", na nadhani bibi yeyote wa hapa Ruvuma angemwelewa mara moja.

Mwalimu Nyerere naye alipita humo humo. Mwaka 1963, akiwa rais, Oxford University Press walitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 likatoka toleo lililosahihishwa, Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Kwenye Julius Caesar, onyesho la kwanza tu, Marullus anawakuta watu wa kawaida wanashangilia ushindi wa Kaisari. Anawafokea kwa kutumia wherefore, akitaka kujua wanafurahia nini. Hapo neno linabeba hasira. Ukipata vitabu vyote viwili, cha Kiingereza na cha Mwalimu, viweke sambamba usome polepole. Ni tuisheni ya bure hiyo.

Ila angalieni, neno hili lina sura ya pili. Kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, hasa nyaraka za Paulo, mara nyingi haliulizi kitu. Linafunga hoja: "kwa hiyo". Mawakili nao wamelihifadhi. Kwenye hati ya madai ya Kiingereza utalikuta pale mwishoni, mdai akishamaliza kueleza alivyodhulumiwa: kwa hiyo, anaomba mahakama impe hiki na kile. Mwaka 2021 sheria yetu ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini hati za zamani bado zimo makabatini. Mtu anaweza kuwa na karatasi ya shamba la mikorosho la marehemu baba yake, asijue kwamba chini ya neno hilo ndipo yalipoandikwa maombi yenyewe.

Kanuni ya mtihani ni fupi: sentensi ikiwa swali, soma "kwa nini" au "mbona". Ikiwa sio swali, jaribu "kwa hiyo" kwanza. "Wapi" isahau kabisa.

Haya, walimu wa ung'eng'e na wanafunzi, uwanja wa maoni uko hapo chini. Nyie mngemtafsiria Juliet "kwa nini" au "mbona"? Nawasilisha.