Matandazo Hai: Kichaka Kisichotaka Maji ya Kiangazi

Anayetoka pwani ya Afrika Mashariki akaja kuishi California hana budi kujifunza majira upya. Kwetu mvua na joto huja pamoja. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hukuta ardhi ina joto, na mbegu haikawii kuota. Hapa mvua nyingi hunyesha kati ya Novemba na Machi, wakati wa baridi, na joto linapofika mvua imekwisha kuondoka. Mimea ya asili ya hapa imeizoea ratiba hiyo tangu zama na zama. Anayeilima kwa ratiba ya kwao huiua, tena kwa huruma.

Tunayaandika haya kwa sababu chama chetu cha Kiswahili kimekabidhiwa kipande cha ardhi. Ni mteremko ulio nyuma ya jengo la idara, wenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 6. Kwa miaka mingi ulikuwa na ukoka uliomwagiliwa mwaka mzima na ambao hakuna aliyeukalia wala kuuchezea. Ukoka wa namna hiyo siku zake zinahesabika. Aprili 2015, katikati ya ukame mkali, Gavana Jerry Brown aliamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Mwaka 2023 ikatiwa saini sheria inayokataza kutumia maji ya kunywa kumwagilia nyasi za mapambo tu katika maeneo ya taasisi, ofisi na biashara. Utekelezaji wake unaanza kwa hatua kuanzia 2027. Viwanja vya michezo havihusiki, lakini mteremko wetu si kiwanja.

Baadhi yetu walitaka kokoto. Kokoto hazinywi maji, ni kweli, ila hukusanya joto, hazimlishi nyuki hata mmoja, na kwenye mteremko huporomoka. Tulitaka kitu chenye mizizi ya kushika udongo. Katika kilimo cha kwetu, majani makavu yanayofunika shamba huitwa matandazo. Mmea unaotambaa na kuifunika ardhi wenyewe tukaona uitwe matandazo hai, na mmea tuliouchagua ni sianothasi.

Jina lake la kitaalamu ni Ceanothus. Jamii hii ina spishi zaidi ya 50, zote za Amerika Kaskazini na Kati, na nyingi kati yake ni za California. Nyingine ni miti midogo, nyingine hutambaa. Aina tuliyopanda huitwa Yankee Point, kwa jina la ncha ya pwani iliyo kusini mwa Carmel, katika jimbo dogo la Monterey. Kimo chake ni sentimita 60 hadi 90, lakini mche mmoja unaweza kutanda mita mbili na nusu hadi tatu na zaidi. Majani yake ni ya kijani kibichi kinachong'aa mwaka mzima. Mwishoni mwa baridi na mwanzoni mwa machipuko hujifunika vishada vya maua ya samawati, na nyuki hawaondoki hapo.

Wasomaji wa Pwani na wa Oman watafurahi kusikia kwamba sianothasi ni ndugu wa mkunazi. Mimea hii miwili iko katika familia moja, Rhamnaceae. Majani ya mkunazi yametumika kuoshea tangu kale, na huyu ndugu yake wa Marekani naye ana sabuni yake: ukiyafikicha maua yake kwa maji mkononi, hutoa povu. Wenyeji wa asili wa California waliyatumia kuogea na kufulia kabla ya kuwapo duka lolote.

Sianothasi haihitaji mbolea. Kwenye mizizi yake huishi bakteria waitwao Frankia, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuugawia mmea, kama inavyotokea kwa kunde na maharage ingawa kwa bakteria wa aina nyingine. Kwa hiyo udongo hafifu wa mteremko hauutishi. Kinachoutisha ni maji yaliyotuama.

Kazi ilianza kwa kuuondoa ukoka. Ukoka huu ni uleule unaotambaa kwenye viwanja vya shule za kwetu, na kila aliyewahi kuulimia anajua kwamba kipande kidogo cha mzizi kikibaki, umerudi. Tuliuchimba, tukaokota mizizi kwa mikono, kisha tukafunika ardhi kwa maboksi ya karatasi ngumu na kuweka juu yake vipande vya mbao. Mwezi Novemba, mvua za kwanza zilipokwisha kuulainisha udongo, tukapanda miche 18 kwa mistari mitatu, kila mche mita mbili kutoka kwa mwenzake. Tulichagua miche ya vikopo vya lita nne, maana mche mdogo hushika mizizi upesi kuliko mkubwa. Shimo liwe pana mara mbili ya kikopo, ila lisizidi kina chake. Shingo ya mche ikae juu kidogo ya usawa wa ardhi, na matandazo yasiguse shina. Kupogoa kufanyike baada ya maua, kwa kukata ncha changa tu. Tawi nene la zamani likikatwa, mara nyingi halichipui tena.

Mvua za baridi zimefanya kazi yake, na miche yote 18 imesimama. Sasa kinakuja kiangazi, na hapo ndipo ilipo hatari.

Katika udongo wenye joto na unyevu mwingi kuna vimelea vinavyoozesha mizizi ya sianothasi. Mzizi ukioza, mmea hushindwa kunywa, majani hulegea na kugeuka manjano. Anayepita hudhani una kiu, huvuta mpira wa maji na kuumwagia zaidi, na baada ya wiki chache umekufa. Kwa upande mwingine, mche wa mwaka wa kwanza bado hauna mizizi mirefu, na ukiachwa kabisa hadi Oktoba utakauka. Hapa karibu na bahari, ambako ukungu wa asubuhi hupunguza joto, kuulowesha vizuri mara moja kila wiki mbili kunatosha. Kwanza ingiza kidole: udongo ukiwa bado na unyevu chini ya vipande vya mbao, rudi nyumbani. Ukiwa mkavu, mwagilia asubuhi ya siku isiyo na joto kali, polepole, maji yazame mbali na shina. Kiangazi cha pili, mara moja kwa mwezi. Baada ya hapo mmea hujitegemea.

Shida ni kwamba kiangazi ndicho wakati sisi tusipokuwapo. Masomo yanakwisha Juni na kuanza tena mwishoni mwa Septemba. Wengine wanakwenda Zanzibar na Mombasa kujifunza lugha, wengine wanarudi makwao, na wanaohitimu hawarudi tena. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni kama safari nane. Kila safari inataka watu wawili na saa moja. Tumekwisha kuiomba ofisi ya bustani ifunge koki ya vinyunyizio vya zamani, nayo imekubali. Kilichobaki ni mikono yetu.

Wanaohitimu mwaka huu hawataliona zulia zima, kwa kuwa miche huchukua miaka miwili au mitatu kukutana. Lakini sianothasi ikitunzwa huweza kuishi miaka 10 hadi 25, na katika muda huo wataingia na kutoka wanafunzi wengi wa Kiswahili tusiowajua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu ni wageni katika nchi hii, na siku mbili zetu zimekwisha.

Orodha ya safari nane imebandikwa kwenye ubao wa idara, karibu na mlango wa maktaba ndogo. Hadi tunapokwenda mitamboni, Juni na Septemba zimejaa. Julai yote na nusu ya pili ya Agosti bado ni tupu. Walimu wetu nao wanakaribishwa kuandika majina yao.