Adabu ya Mgeni katika Mtumbwi wa Mvuvi

Mtu anaweza kuishi Kasongo mjini miezi mingi bila kukanyaga mtumbwi, kwa sababu mji wenyewe uko mbali kidogo na Mto Lualaba. Lakini itafika siku ya kwenda msibani ng'ambo, ya kufuata samaki, au ya kupeleka chanjo katika vijiji vya mtoni, na siku hiyo atapanda chombo cha mtu mwingine. Hali ni hiyo hiyo Kabambare, ambako Mto Luama hupita ukielekea kuungana na Lualaba. Mara nyingi chombo hicho hakikuundwa kwa ajili ya abiria. Ni mtumbwi wa mvuvi, na mwenyewe ama ameacha kazi yake ili akuvushe, ama anakuchukua huku akiendelea kuvua. Mgeni wa namna hii anadaiwa adabu gani, na kwa nini?

Adabu hiyo ina mizizi miwili. Wa kwanza ni umbo la mtumbwi wenyewe. Wa pili ni haki ya mwenye chombo kusema hapana, na haki hiyo ina historia ndefu na chungu katika Mto Lualaba.

Tuanze na umbo. Mtumbwi huchongwa katika gogo moja. Tumbo lake ni la mviringo na hauna mkuku wa kuushika majini. Ukishapakiwa, kingo zake hubaki juu ya maji kidogo tu. Mtu akiketi chini kabisa, uzito wake hukaa chini, na chombo kikiyumba hurudi mahali pake. Akisimama, uzito hupanda juu, na kila kuyumba huzaa kuyumba kukubwa zaidi. Mvuvi husimama nyuma na kupiga kafi bila taabu kwa kuwa miguu yake imezoea kulijibu wimbi kabla hajalifikiria. Mgeni anayemwiga hana miguu hiyo.

Ndiyo maana neno la kwanza la mgeni baada ya salamu ni swali: “Papa, nikae wapi?” Akishaonyeshwa, aweke mguu katikati ya mtumbwi, kamwe asikanyage ukingo, ashike kingo zote mbili, ajishushe, akae. Mzigo wake auache mikononi mwa mwenye chombo, aupange yeye, kwa kuwa anajua upande upi unahitaji uzito. Mvuvi akiinamia kushoto kuvuta wavu, mgeni asikimbilie kulia kwa nia ya kusaidia, ila akiambiwa. Mwenye mtumbwi ameshapima mwinamo wake, na uzito unaohama bila taarifa huharibu hesabu hiyo. Mgeni akishikwa na hofu, ajishushe zaidi na atulie. Asimkamate mwenzake.

Wavu nao una mpango wake. Mvuvi akiurudisha chomboni huupanga mikunjo juu ya mikunjo, kamba ya maboya upande mmoja na kamba ya vizito upande wa pili, ili siku ya kuutega utoke mfululizo. Kisigino kimoja, kifungo cha shati au kishikizo cha mkoba vikinasa katika tundu za wavu, mpango wote umevurugika. Hasara haionekani papo hapo. Itaonekana usiku, wavu utakapotoka umejisokota huku mkondo ukiusukuma mtumbwi, na mvuvi akalazimika kuinama gizani kuufungua. Basi viatu vivuliwe, mkoba upakatwe, na wavu usiguswe hata kwa nia njema. Mishipi yenye ndoana nyingi yahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu ndoana haibagui kidole na samaki.

Iko pia adabu ya mdomo. Aliye mbele huyasoma maji: fungu la mchanga, gogo lililozama, kiboko aliyejificha. Aliye nyuma huongoza. Baina yao kuna maneno machache, na mengine ni ishara tu. Mgeni akijaza chombo gumzo, maneno hayo hupotea. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwenye mtumbwi hata manahodha wawili ni wengi. Mgeni akiona hatari aiseme mara moja, kwa sauti ya kawaida, amwambie anayeongoza, kisha anyamaze. Na maji yakiingia, achukue kopo akumbe bila kungoja kuombwa. Kazi hiyo haihitaji ujuzi, na humwachia mvuvi mikono yake.

Mzizi wa pili, haki ya kusema hapana, unatupeleka Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Msafiri David Livingstone alifika hapo mwishoni mwa Machi 1871, baada ya kukaa Kabambare miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu. Alitaka mitumbwi ili ateremke mto na kujua unakokwenda. Alikaa karibu miezi minne akiomba, na wenye mitumbwi wakamwahirisha na kumkwepa. Shajara yake inaeleza kwamba watu waliamini mgeni akinunua mtumbwi anataka kupeleka vita ng'ambo ya kushoto. Walikuwa na sababu ya kuamini hivyo, kwani misafara ya pembe na watumwa ilikuwa imeshachoma vijiji vingi vya Manyema.

Tarehe 15 Julai 1871 hofu yao ilithibitika. Watu wa Dugumbe, mfanyabiashara aliyekuwa mgeni pale, walifyatua risasi sokoni Nyangwe, katika soko lililojaa wanawake waliovuka mto kuja kuuza. Watu walikimbilia mitumbwi iliyosongamana kwenye kijito. Wengine waliacha makafi, wengine walijitosa mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alivunjika moyo, akarudi Ujiji.

Katika miezi hiyo ya kungoja mitumbwi lilitokea jambo jingine linalostahili kufikiriwa. Msafara wa wafanyabiashara uliopata mitumbwi uliteremka mto kwa siku chache, ukafika mahali pembamba penye miamba. Mtumbwi wa kwanza ulipinduliwa na maji yazungukayo, na watu 5 wakafa. Livingstone aliandika kwamba kama angekuwemo, wake ndio ungetangulia. Kunyimwa chombo, jambo lililomkera kwa miezi, kulimwepusha na hatari hiyo.

Waliomfuata waliupata mlango huo huo umefungwa. Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe Agosti 1874, akakosa mitumbwi, akaelekea kusini kwa miguu. Henry Morton Stanley aliondoka hapo Novemba 1876 pamoja na mfanyabiashara Tippu Tip. Yeye alikuja na boti yake, na alipohitaji vyombo zaidi huko chini ya mto, alitwaa mitumbwi ya wenyeji kwa nguvu. Vitabu vya safari humsifu kwa kufika baharini. Mwenye mtumbwi aliyeporwa hakuandika kitabu, lakini yeye ndiye aliyebaki bila kazi na bila njia ya kuvuka.

Kwa hiyo ruhusa ya kupanda lazima iwe ruhusa kweli, yaani yule anayeombwa awe na uwezo wa kukataa. Jambo hili linawahusu zaidi wageni wenye cheo: afisa, askari, mtafiti, mfanyakazi wa shirika. Mvuvi akiulizwa na mtu mwenye muhuri au bunduki, “ndiyo” yake inaweza kuwa woga. Mgeni wa aina hiyo aulize mapema, ataje muda na malipo kabla ya safari, na aonyeshe kwamba “hapana” haitaleta adhabu. Mvuvi akisema maji hayafai leo, hoja imekwisha. Akisema chombo kimejaa, imekwisha pia. Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na wengi walikufa nchi kavu ikionekana kwa macho. Anayebembeleza aongezwe mtu mmoja tu anaomba roho za wote waliomo.

Lipo pia suala la samaki na pesa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kinachovuliwa hugawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya wavuvi. Mgeni hana fungu. Akipewa kitoweo apokee na kushukuru, asichague samaki mkubwa. Wala asinunue katikati ya mto kwa bei ya urafiki, maana ukingoni wako akina mama wanaongoja mzigo huo, na huenda wameshatoa pesa zao kabla. Na kama mvuvi ameacha kutega ili amvushe, basi amepoteza mapato ya saa hizo. Kulipa saa hizo ni kulipa deni, hakuhesabiwi kuwa matabishi.

Mwenye chombo naye ana wajibu wake: kumwambia mgeni ukweli kuhusu maji, kuziba nyufa, kutopakia kupita kiasi hata pesa zikimvutia, na kutompandisha mtoto mahali ambapo asingempandisha wa kwake. Lakini wajibu huo hautimiziki ikiwa mgeni anaona kila onyo ni dharau.

Nawaomba hasa vijana wa Kasongo na Kabambare wanaorudi kutoka shule na miji mikubwa, na wote wanaofika kwetu kwa kazi: mkifika mtoni, cheo kibaki ukingoni. Ulizeni, kaeni mlipoonyeshwa, lipeni mlichoahidi, na mkikataliwa rudini kwa shukrani. Mvuvi anayekukatalia leo anakupa nafasi ya kuvuka kesho ukiwa hai.