Fahamu: Kwa nini lori la magogo huwatisha madereva

Tangu mwaka 2003, ilipotoka filamu ya Kimarekani Final Destination 2 iliyoongozwa na David R. Ellis, madereva wengi wa Marekani na Canada, kila walionapo mbele yao lori lililosheheni magogo, aghalabu hupunguza mwendo au huhamia upande mwingine, kwa kuwa katika filamu ile mnyororo hukatika, magogo huporomoka barabarani, na gogo moja hupenya kioo cha gari la polisi na kumwua aliyeliendesha.

Hofu hiyo ina sababu iliyo dhahiri. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walibainisha mwaka 1973 kwamba binadamu hukadiria uwezekano wa jambo kwa kadiri mfano wake unavyomjia akilini kwa wepesi. Basi taswira moja ya kutisha huhesabiwa kuwa ushahidi, ilhali safari zisizo idadi zilizokwisha kwa salama hazikumbukwi kamwe. Na magogo yale yenyewe yalichorwa kwa kompyuta, kwani ya kweli yalipojaribiwa hayakurukaruka kama watengenezaji walivyotaka.

Walakini hadhari si upuuzi. Mzigo uliofungwa vibaya huweza kuanguka, lori zito huhitaji masafa marefu kusimama, na dereva wake hawezi kuliona gari lililomganda nyuma. Kwa hiyo, msomaji, liachie lori nafasi ya kutosha, wala usilipite kwa pupa. Ila hesabu hatari kwa akili yako, si kwa sinema.