Bukavu: Kabla ya kumwaga mbegu za majani kwenye parseli, zipime kwanza kwenye sahani

Mvua za Septemba zinapokaribia, wakaaji wa Bukavu wenye parseli kwenye mteremko wanaanza kuangalia udongo wao kwa wasiwasi. Pahali palipobaki wazi wakati wa kiangazi, mvua kubwa ya kwanza inapachimba mfereji, ya pili inaupanua, na kabla ya Noeli udongo wa juu umekwisha kufika kwa jirani wa chini ao ndani ya ziwa. Majani mafupi mbele ya nyumba, yale tunayoita peluzi, si pambo la watu wa Muhumba peke yao. Kwa familia inayokaa kwenye kilima cha Kadutu, yanaweza kuwa kitu kinachoshika msingi wa ukuta.

Kuna atakayesema kwamba kuzungumza juu ya majani katika nyakati hizi ni mzaha. Lakini mvua haingoji, na anayenunua mbegu mbaya anapoteza vitu viwili pamoja: pesa zake na majuma matatu ya kwanza ya masika, ambayo hayarudi.

Tatizo la mbegu za majani ni kwamba hazionyeshi hali yao kwa macho. Harage lililooza unaliona. Hindi lililotobolewa na wadudu unaliona. Mbegu ya majani iliyokufa mwaka jana inafanana kabisa na ile iliyo hai: nyepesi, kavu, rangi ya makapi. Mnunuzi anabaki kuangalia picha iliyo mbele ya mfuko, na picha hiyo ilipigwa mbali sana na Kivu.

Geuza mfuko. Mfuko wa kweli una maandishi madogo nyuma, mara nyingi kwa Kifaransa, na maneno mawili ndiyo yenye maana: « pureté », ni kusema sehemu ya mfuko ambayo ni mbegu unayoitaka kweli, bila makapi, mchanga wala mbegu za magugu, na « faculté germinative », ni kusema mbegu ngapi kwa 100 ziliota zilipopimwa. Tafuta pia tarehe ya kupimwa. Kama imepita zaidi ya mwaka mmoja, ile hesabu ya kuota haina nguvu tena.

Hesabu hizo mbili zinazidishwa pamoja. Tuseme, kwa mfano tu, kilo moja inauzwa dola 10, usafi wake ni 95 kwa 100 na kuota kwake 80 kwa 100. Mbegu hai ni 76 kwa 100, kwa hiyo kilo ya mbegu hai inakugharimu dola 13. Pembeni kuna mfuko wa dola 7, usafi 85, kuota 40. Huo una mbegu hai 34 kwa 100, na kilo ya mbegu hai inafika karibu dola 21. Ule wa bei ndogo ndio ghali. Angalia tena mbegu zilizopakwa rangi ya buluu ao kijani: ganda lile linaweza kuwa nusu ya uzito wote, na unalilipia kama mbegu.

Lakini mara nyingi hakuna maandishi ya kugeuza. Muuzaji anafungua mfuko mkubwa na kuugawa katika visachi vya plastiki visivyo na jina wala tarehe. Muombe kwa heshima akuonyeshe mfuko wenyewe. Akikataa, hilo pia ni jibu. Angalia na pahali alipouweka, maana joto na unyevu ndivyo vinavyoua mbegu. Wataalamu wana kanuni moja ya zamani: kila joto linapopanda digrii 5, maisha ya mbegu yanapungua kwa nusu; na kila maji ndani ya mbegu yanapoongezeka kwa 1 kwa 100, yanapungua kwa nusu tena. Mfuko uliokaa miezi sita chini ya bati, karibu na ukuta unaotoa maji, hauhitaji mtaalamu kuuelezea.

Nchini, SENASEM ndiyo huduma ya taifa yenye kazi ya kuhakikisha ubora wa mbegu, na nguvu yake kubwa inaelekea mbegu za chakula kama mahindi, maharagwe na mpunga. Kwa majani ya parseli, afadhali ujipimie mwenyewe.

Kipimo hakigharimu kitu. Nunua kiasi kidogo kwanza. Changanya vizuri, kisha hesabu mbegu 100 bila kuchagua zile nzuri. Ukichagua, unajidanganya mwenyewe. Lowesha kitambaa cheupe ao karatasi laini, kamua maji yasitiririke, utandaze kwenye sahani, panga mbegu juu yake, kisha funika na plastiki yenye matundu machache. Weka ndani ya nyumba pahali penye joto la kawaida na mwangaza, lakini jua lisipige moja kwa moja. Nyunyiza maji kidogo kila siku. Kinachohesabiwa ni mbegu iliyotoa mzizi na jani pamoja, si ile iliyovimba tu.

Subira inategemea aina. Ray-grass ya Ulaya inamaliza kuota kwa siku 14. Chiendent, yale majani yanayotambaa ambayo wataalamu wanayaita Cynodon, yanahitaji 21. Paspalumu ina ganda gumu na inaweza kuchukua siku 28. Wengi wameitupa wakidhani imekufa. Zikiota 80, nunua bila woga. Zikiota 40, utahitaji mara mbili ya mbegu: kwa ray-grass, uwanja wa mita 10 kwa 10 unaoomba kilo 3 utakula 6. Chini ya 30, mwachie mwenyewe.

Mbegu kuwa hai haitoshi ikiwa haikuumbwa kwa pahali pako. Mifuko mingi inayotoka Ulaya ni mchanganyiko wa ray-grass na fétuque, majani ya nchi za baridi. Bukavu, karibu mita 1.500 juu ya bahari, yanaota haraka na juma la pili kila kitu ni kijani. Halafu Juni inafika. Bila kunyweshwa hadi Agosti, yanachoka, na si kila mtaa wetu una maji ya Regideso ya kumwagia majani. Ukiteremka Uvira, kwenye ziwa Tanganyika, ao Kindu, joto linayamaliza mapema zaidi. Huko Cynodon ndiyo inayofaa, mradi isiwe kivulini. Chini ya miti ya avoka Cynodon inakonda na kufa.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawapendi sana kulisema. Majani yanayoitwa kikuyu, kwa jina la kabila la Kenya, ni majani ya milima yetu hii ya Afrika Mashariki. Malisho ya Masisi yamejaa hayo. Mwaka 1919 mbegu zake zilitoka Kongo, wakati wa Wabelgiji, zikapelekwa Australia, na leo wanayalimia ng'ombe na kuyapanda nyumbani. Maua yake yanajificha ndani ya majani, kwa hiyo mbegu ni ngumu kuvuna na bei yake iko juu. Lakini nani anahitaji mbegu? Vipande vya mashina yanayotambaa, vyenye vifundo viwili ao vitatu, vinashika haraka vikizikwa nusu kwenye udongo wenye maji. Yana tabia moja mbaya: hayaheshimu mpaka. Ukiwa na bustani ya lengalenga pembeni, chimba mfereji katikati na uukate kila mwezi.

Kwenye mteremko mkali mimi ningechagua vipande, hata kama mbegu imepita kipimo. Mbegu ya Cynodon ni ndogo kama vumbi, na mvua moja ya Oktoba inaweza kuikusanya yote chini ya parseli. Vipande vinapandwa kwa mistari inayokata mteremko, sentimita 15 kati ya kimoja na kingine, si mistari inayoshuka na maji. Mbegu zibaki kwa pahali pa tambarare: zifunike kwa udongo usiozidi nusu sentimita, zikanyage kidogo, utandaze nyasi kavu juu mpaka ziote.

Mwenye kutaka paspalumu aanze kipimo cha sahani mwanzoni mwa Agosti, ili majibu yawe tayari kabla ya mvua. Mbegu atakazonunua baadaye azitie katika chupa kavu yenye kifuniko, mbali na bati na mbali na jiko.