Mgeni wa Miezi Miwili

Mgeni wa siku tatu analala kwako; wa miezi miwili anaishi kwako. Tofauti hiyo utaionea jikoni. Wenye nyumba wengi wa Paje na Jambiani, huku kwetu Zanzibar, hutandaza maua kitandani, halafu kabatini mna vikombe viwili, kisu butu na sufuria ya chai. Wa siku tatu hagundui, maana anakula hotelini. Huyu mwingine siku ya kwanza atauliza ubao wa kukatia vitunguu, na wiki ya pili, akishazoeana na majirani, ataulizia mbuzi ya kukunia nazi.

Ila kinachogombanisha watu ni umeme. Mita zetu ni za Tukuza, za kulipia kabla: yuniti zikiisha, giza. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huvuta takriban kilowati moja kompresa ikiwa kazini, na kikiachwa usiku kucha madirisha wazi, alfajiri kimeshakula yuniti saba au nane. Zidisha kwa siku 60. Mimi hupatana na mgeni kabla hajafungua begi: yuniti kadhaa kwa wiki juu yangu, zinazozidi anunue mwenyewe, na mita tunaipiga picha tukiwa wote wawili. Wapo wanaoniona bahili. Sawa tu.

Bei nayo hupangwa vibaya. Wageni kumi wa siku tatu ni shuka za kufua mara kumi na usafi mkubwa mara kumi. Wa mwezi mzima hana gharama hizo, kwa hiyo punguzo unalompa si sadaka. Na ndiye atakayekubali kukaa Aprili na Mei, masika, wakati watu wa mchezo wa kaiti baharini, wanaofuata pepo za kaskazi na kusi, hawapo.

Masika yana adabu yake, nami nilifunzwa na viatu. Nilimpangisha bwana mmoja chumba chenye kabati zuri la mbao, limebana hasa, halipitishi hata upepo. Wiki ya tatu akaniita, akanyanyua kiatu cha ngozi kilichoota ukungu wa kijani mpaka kwenye kamba. Nilimlipa. Kesho yake fundi akatoboa matundu nyuma ya makabati yote, na tangu hapo jua likichomoza tu, magodoro yanatoka nje, mgeni awepo asiwepo. Akiwepo, tunapiga hodi kwanza.